Galaksi moja, milipuko miwili: supanova za M101 na mambo tunayoyachanganya

Habari ya nyota kulipuka ikifika kwenye simu zetu, hufika imeshavurugika. Huyu anasema nyota mpya imezaliwa, yule anasema ni kimondo kikubwa, mwingine anauliza kama Jua letu ndilo linalofuata, na hakosekani wa kutangaza kiama. Neno lenyewe, supanova, limebebeshwa kila kitu kinachowaka angani. Kwa maoni yangu, njia nzuri ya kuutatua mkanganyiko huu ni kuchukua galaksi moja na kuifuatilia kwa makini, na hakuna inayofaa kuliko M101. Katika muda wa miaka 12, kuanzia 2011 hadi 2023, galaksi hiyo ilituonyesha supanova mbili zilizotokana na sababu tofauti kabisa, na zote mbili zilinaswa zikiwa bado changa.

Tuanze na maneno. Galaksi ni mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, gesi na vumbi, vyote vikishikiliwa pamoja na nguvu ya mvutano. Yetu ni Njia Nyeupe, na kila nyota unayoweza kuionyesha kwa kidole usiku, bila darubini, ni ya humu humu. M101 ni galaksi nyingine kabisa, mbali sana nje ya yetu. Supanova ni mlipuko unaoikomesha nyota, na kwa wiki kadhaa mlipuko huo mmoja unaweza kutoa mwanga sawa na mabilioni ya nyota. Kimondo hakihusiani na haya: ni kipande cha jiwe au chuma kinachowaka kikipita katika hewa yetu, kilomita mia moja hivi juu ya vichwa vyetu, na hutoweka kwa sekunde chache. Ukiona kitu kinakimbia angani, hicho si supanova. Supanova hukaa palepale ilipo, usiku baada ya usiku, na hufifia polepole kwa miezi.

M101 iligunduliwa mwaka 1781 na Mfaransa Pierre Méchain. Alimpasha habari mwenzake Charles Messier, ambaye aliiweka katika orodha yake kwa namba 101, na ndiyo asili ya jina. Wengi huiita pia Pinwheel, kile kichezeo cha watoto kinachozungushwa na upepo, kwa sababu tunaitazama uso kwa uso na mikono yake iliyojizungusha huonekana yote. Upana wake ni kama miaka ya nuru 170,000, mkubwa kuliko wa Njia Nyeupe. Mikono hiyo si pambo tu. Ndimo gesi inamosongamana na nyota mpya kuzaliwa, jambo litakalotusaidia hapo mbele.

Ipo upande wa kundinyota la Dubu Mkubwa, kaskazini. Wasomaji wa Afrika Mashariki wameshazoea kuambiwa kwamba vitu vya kaskazini si vyao, lakini hiki kinaonekana. Kutoka Dar es Salaam hupanda hadi nyuzi 29 hivi juu ya upeo wa kaskazini, na kutoka Nairobi nyuzi 34. Mwishoni mwa Mei huwa juu kabisa kati ya saa nne na saa tano usiku. Kwa macho matupu huioni. Unahitaji darubini na mahali penye giza la kweli, mbali na taa za mji.

Mwanga ulioanza safari kabla yetu

Mwaka wa nuru ni umbali, ingawa jina linataja mwaka. Ni mwendo ambao mwanga huenda katika mwaka mmoja, takriban kilomita trilioni 9.5. Mwanga wa Jua hutufikia kwa dakika nane na kidogo. Ule wa M101 huchukua kama miaka milioni 21.

Kwa hiyo tunaposema nyota ya M101 "ililipuka mwaka 2023", tunasema tu kwamba mwaka huo ndipo habari ilipotufikia. Mlipuko wenyewe ulitokea miaka milioni 21 hivi iliyopita. Katika kisiwa cha Rusinga, ndani ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, Mary Leakey alipata mwaka 1948 fuvu la Proconsul, nyani wa kale aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Nyani yule alipokuwa hai, mwanga wa nyota hiyo ulikuwa umeshasafiri miaka milioni tatu.

Kuna jambo hapa ambalo hata makala nzuri hulisahau. Tuliona mlipuko mmoja 2011 na mwingine 2023, lakini hilo halina maana kwamba wa kwanza ulitokea kwanza. Nyota hizo mbili hazikuwa mahali pamoja ndani ya galaksi. Tofauti ya umbali wao kutoka kwetu inaweza kuwa miaka ya nuru mamia au maelfu, na kila mwaka mmoja wa nuru wa tofauti huchelewesha habari kwa mwaka mmoja. Inawezekana kabisa kwamba ile tuliyoiona 2023 ndiyo iliyotangulia kulipuka. Foleni ya habari kutufikia si lazima ifuate mpangilio wa matukio.

Nyota husimama kwa nini?

Huwezi kuelewa nyota inavyokufa kabla ya kuelewa kinachoiweka hai. Nyota ni bonge la gesi, hasa haidrojeni na heli. Uzito wake wenyewe unaivuta kuelekea katikati bila kupumzika. Kinachoizuia isijiangukie ni joto la kiini chake, ambamo viini vya atomi nyepesi huungana kuwa vizito zaidi na kutoa nishati. Mvutano unabana, joto linasukuma, na nyota inasimama kati ya nguvu hizo mbili kwa muda wote fueli inapokuwepo.

Jua letu lina fueli ya kutosha kwa miaka bilioni tano hivi ijayo. Ikiisha, litavimba na kuwa jitu jekundu, kisha litapoteza gesi yake ya nje na kubakiza kiini kidogo kinachopoa, kinachoitwa kibete cheupe. Halitalipuka kama supanova. Si jepesi kidogo kwa kazi hiyo, ni jepesi sana: nyota inayokufa kwa kubomoka kiini inahitaji kuanza na uzito wa takriban mara nane ya Jua au zaidi. Anayekuambia Jua litalipuka kesho hana pa kusimamia.

Supanova ya 2023: nyota iliyolemewa

Tarehe 19 Mei 2023, Koichi Itagaki wa Japani aliona nukta ya mwanga katika mkono mmoja wa M101 ambayo haikuwepo hapo awali. Itagaki hajaajiriwa kufanya astronomia. Anaifanya kwa mapenzi yake, na ameshagundua supanova zaidi ya mia moja. Hii ilipewa jina SN 2023ixf. Herufi hizo zinafuata zamu: kila taarifa ya mwanga mpya angani hupewa herufi inayofuata, na zikifika z huanza aa, kisha aaa. Kufika ixf kabla ya Mei kuisha kunaonyesha kwamba taarifa za aina hiyo zilikuwa zimefikia karibu 6,700, nyingi zikitoka kwenye darubini zinazojiendesha zenyewe. Ndiyo maana nampa heshima kubwa mtu aliyeketi na vifaa vyake akazitangulia mashine zote hizo.

Baada ya tangazo, wanaastronomia walirudi kwenye picha za zamani za darubini za anga za Hubble na Spitzer na kutafuta pale pale penye nukta. Walikuta nyota. Ilikuwa jitu kuu jekundu lililofunikwa na vumbi, na makadirio mengi ya uzito wake wa mwanzo ni kati ya mara 10 na mara 20 ya Jua. Ni nadra kuona sura ya nyota kabla ya kifo chake.

Nyota nzito hivi huishi kwa pupa. Kiini chake kina joto la kuunganisha haidrojeni kuwa heli, heli kuwa kaboni, kaboni kuwa elementi nzito zaidi, na kuendelea hadi silikoni. Kila hatua ni fupi kuliko iliyotangulia. Haidrojeni hudumu mamilioni ya miaka, silikoni huisha kwa siku chache. Mwisho wa ngazi ni chuma, na chuma hakilipi: kukiunganisha hakutoi nishati, kunaimeza. Kuanzia hapo kiini hakina tena cha kuzuia uzito wake.

Kiini cha chuma kinapozidi takriban mara 1.4 ya uzito wa Jua, hubomoka. Kitu chenye ukubwa unaokaribiana na Dunia hujiangukia kwa chini ya sekunde moja na kubaki na upana wa makumi ya kilomita. Hapa watu huuliza swali zuri: kama kila kitu kinaanguka ndani, mlipuko unatoka wapi? Unatoka kwenye kiini kilichofika mwisho wa kubanwa. Mata yake inakuwa ngumu kiasi kwamba haishindiliki tena, tabaka zinazoanguka juu yake hugonga na kurudishwa, na chembe nyepesi mno ziitwazo nyutrino, zinazomiminika kutoka katikati, huongeza msukumo. Wimbi la mshtuko hupanda kupitia nyota nzima hadi usoni. Mwanga tunaouona, kwa ukali wake wote, ni sehemu ndogo sana ya nishati. Takriban asilimia 99 huondoka na nyutrino.

Hili halikubaki kwenye karatasi. Mwaka 1987, supanova ilipoonekana katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, vifaa vya Japani, Marekani na Umoja wa Kisovieti vilinasa nyutrino kama 25, saa kadhaa kabla ya mwanga wa mlipuko kuonekana. Nyutrino hupenya nyota moja kwa moja, mwanga husubiri wimbi lifike juu.

SN 2023ixf ilikuwa mbali mno kwa nyutrino zake kupimwa hivyo, lakini ilitupa kitu kingine. Katika siku za kwanza, mwanga wake ulionyesha dalili za gesi nzito iliyoizunguka nyota kwa karibu, halafu dalili hizo zikafutika ndani ya siku chache, kwani mlipuko uliifikia gesi hiyo na kuifagia. Maana yake nyota ilikuwa ikitapika tabaka zake za nje katika miaka yake ya mwisho. Darubini zingechelewa wiki moja tu, ushahidi ungepotea.

Na ile mikono ya galaksi? Nyota nzito huishi muda mfupi kiasi kwamba hufia karibu na zilipozaliwa. SN 2023ixf ilionekana kwenye mkono wa nje wa M101, jirani na wingu kubwa la gesi linalozalisha nyota. Kitanda na kaburi vilikuwa mtaa mmoja.

Supanova ya 2011: nyota iliyokwisha kufa mara moja

Tarehe 24 Agosti 2011, darubini ya uchunguzi huko Palomar, California, ilinasa mwanga mpya katika M101, takriban saa 11 tu baada ya mlipuko kuanza. Peter Nugent na wenzake waliutambua haraka na kuzielekezea darubini nyingine huko. Mwanga huo, uliopewa jina SN 2011fe, uliendelea kuongezeka hadi katikati ya Septemba, na aliyekuwa na darubini ndogo ya mkononi aliweza kuuona.

Wataalamu hutofautisha aina za supanova kwa kuutawanya mwanga wake katika rangi na kusoma alama za elementi. Mwanga wa 2023ixf ulijaa haidrojeni, kama inavyotarajiwa kwa nyota iliyokuwa bado na tabaka zake. Wa 2011fe haukuwa na haidrojeni kabisa. Kwa vipimo vya saa zile za mwanzo, ilibainika pia kwamba kitu kilicholipuka kilikuwa kidogo ajabu, hakizidi asilimia mbili ya upana wa Jua, yaani kama mara mbili ya Dunia. Kinachoweza kuwa kidogo hivyo na bado kulipuka namna ile ni kibete cheupe.

Kibete cheupe, kama tulivyoona, ni mabaki ya nyota ya aina ya Jua. Kimeshamaliza maisha na kikiachwa peke yake hupoa tu milele. Shida huanza kikiwa na mwenza. Nyota nyingi huishi mbilimbili, zikizungukana, na kibete cheupe kinaweza kunyonya gesi ya mwenzake au kugongana na kibete kingine. Uzito ukikaribia mara 1.4 ya Jua, kaboni iliyolala ndani huanza kuungana kwa mfululizo usiozuilika, na kibete chote husambaratika bila kuacha kitu. Kikomo hicho kinaitwa kwa jina la Subrahmanyan Chandrasekhar, aliyekikokotoa mwaka 1930 akiwa na umri wa miaka 19, ndani ya meli iliyokuwa ikimpeleka Uingereza kutoka India.

Mwenza wa 2011fe alikuwa nani? Picha za zamani za Hubble zilichunguzwa, na mahali pale hapakuwa na nyota yoyote angavu. Hivyo jitu jekundu limeondolewa katika orodha ya washukiwa, na wanaobaki ni nyota ndogo au kibete kingine. Kwangu mimi, kule kutoonekana kitu ni ugunduzi wenye uzito sawa na picha ya nyota ya 2023.

Mlipuko kama huu hutengeneza kiasi kikubwa cha nikeli yenye mionzi, ambayo hugeuka kobalti na hatimaye chuma. Mgeuko huo ndio unaoifanya supanova iendelee kung'aa kwa miezi. Sehemu kubwa ya chuma cha ulimwengu ilitoka katika milipuko ya namna hii, kikiwemo kile cha Kimondo cha Mbozi mkoani Songwe.

Taa za kupimia umbali

Supanova za aina ya 2011fe zina thamani nyingine. Fikiria uko ufukweni usiku usio na mwezi, na wavuvi wa dagaa wameshatoka na karabai zao. Mbele yako kuna giza tupu na nukta za mwanga. Kama kila karabai ina ukali uleule, nukta hafifu ni chombo kilicho mbali, na unaweza hata kukokotoa: mwanga ukiwa robo ya mwingine, chombo kiko mbali mara mbili. Lakini hesabu yote inahitaji angalau chombo kimoja ambacho umbali wake umeupata kwa njia nyingine. Bila hicho, unajua tu nani yuko mbali kuliko nani.

Kwa sababu vibete vyeupe hulipuka vikiwa na uzito unaokaribiana, mwanga wao wa juu kabisa nao hukaribiana. Si sawasawa; zile zinazofifia polepole huwa angavu zaidi, na wanaastronomia hurekebisha tofauti hiyo. M101 ndiyo moja ya vyombo vyenye umbali unaojulikana, kwa kuwa iko karibu kiasi cha kupimwa kwa nyota zinazobadilika mwanga kwa mpigo wa kawaida. Supanova yake husaidia kusawazisha nyingine zilizo mbali maelfu ya mara.

Kwa kutumia taa hizo, timu mbili zilionyesha mwaka 1998 kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka. Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess walitangazwa washindi wa Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo mwezi Oktoba 2011, wakati SN 2011fe bado inang'aa.

Nova si supanova

Mkanganyiko mwingine ulienea mwaka 2024, vyombo vya habari vilipotangaza kwamba nyota T Coronae Borealis ilitarajiwa kulipuka na kuonekana kwa macho. Wengi walielewa ni supanova. Ni nova. Huko pia kuna kibete cheupe kinachonyonya gesi ya mwenzake, lakini kinachowaka ni gesi iliyorundikana juu ya uso wake tu. Kibete hubaki kizima na kuanza kurundika upya. T Coronae Borealis ilifanya hivyo mwaka 1866 na tena 1946. Supanova haina mara ya pili.

Je, tuko hatarini?

Kwa M101, hapana kabisa. Kwa makadirio ya kawaida, supanova ingepaswa kuwa ndani ya miaka ya nuru kama 30 hadi 50 ndipo mionzi yake iharibu hewa yetu kwa kiasi cha kutisha. Hakuna nyota ya kuhofiwa hivyo katika umbali huo.

Hilo halina maana kwamba milipuko haijawahi kutugusa. Katika tabaka za sakafu ya bahari, wanasayansi wamekuta chuma-60, aina ya chuma yenye mionzi ambayo nusu yake hupotea kila miaka milioni 2.6. Kingekuwa cha tangu Dunia ilipoumbwa, kingekwisha zamani. Kilianguka kutoka angani, kiasi kikubwa kikiwa cha miaka milioni mbili hadi tatu iliyopita, na chanzo kinachokubalika ni supanova iliyotokea miaka ya nuru mia kadhaa kutoka hapa. Vumbi lake lilitufikia, viumbe vikaendelea kuishi.

Anayetajwa zaidi sasa ni Betelgeuse, nyota nyekundu katika kundinyota la Jabari, ambayo mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 ilififia ghafla. Mitandao ilijaa utabiri wa mlipuko. Uchunguzi ulionyesha kwamba nyota hiyo ilikuwa imetoa wingu la gesi lililopoa na kuwa vumbi, likaziba sehemu ya mwanga wake. Italipuka kweli siku moja, kwa njia ileile ya SN 2023ixf, lakini "siku moja" hapa inaweza kuwa ndani ya miaka 100,000 ijayo. Iko miaka ya nuru zaidi ya 500 kutoka kwetu. Siku hiyo itaonekana hata mchana, usiku itashindana na Mwezi, na hakuna atakayehitaji kujificha.